Mkono Chini ya Cherehani

Aliishika cherehani ya marehemu baba kwa gurudumu, na moyo wangu ukafanya paa.

Mpaka hapo sikuwa na shaka naye. Alinijia moja kwa moja pale stesheni, mtu mnene mwenye suti iliyonyooka, akaniita Sindano, jina langu la nyumbani, akaulizia hali ya dada yake tangu afiwe.

"Mimi ndiye mjomba wako," alisema. "Umekua, bwana."

Nami nikampa shikamoo yangu yote, ile niliyoifanyia mazoezi njia nzima.

Mjomba mwenyewe sikuwa nikimjua hata kwa sura. Aliondoka nyumbani nikiwa bado nanyonya. Wajukuu wangu siku hizi wakisafiri hutumiana picha. Mimi nilipewa maneno ya mama tu. Mjomba alikuwa na duka la ushonaji mjini, na alikubali kunipokea na kichwa cha cherehani cha baba. Nikifika nacho, nafasi yangu iko dirishani, nashona, na wadogo zangu wanakula. Nikifika mikono mitupu, nitakuwa mfagia vipande vya vitambaa.

Mlangoni mama aliniasa: usilale, usile cha mtu, na mdomo uufunge kama huo mzigo. Mawili niliyashika. La tatu lilinishinda kabla hata mji wetu haujapotea nyuma ya treni. Bibi niliyekaa naye alikuwa msikivu, akicheka kila nikitua, basi nikammwagia yote: msiba, duka, mjomba nisiyemjua, hata jina la Sindano. Nyuma yetu mtu alikuwa akikohoa, kikohozi kikavu kama kuni zinazovunjwa. Sikugeuka.

Sasa mkono wa yule mtu mnene ulikuwa juu ya gurudumu.

Baba hakuvumilia jambo hilo. Gurudumu huzunguka, mashine ikaponyoka, na chuma kikipinda ndiyo basi. Mkono mmoja upite chini, mwingine ushike shingo. Aliyekosea alionja rula ya mbao vidoleni. "Hiyo si sufuria," baba angesema. Na mjomba, mama alinisimulia mara nyingi, alijifunzia kazi kwenye cherehani hiyo hiyo, chini ya rula hiyo hiyo.

Yule bwana akaiinua. Akakohoa.

Miguu ilitaka kukimbia, lakini na chuma kile ningefika wapi? Nikaichukua cherehani mikononi mwake, nikaikumbatia kama mtoto mgonjwa, nikalainisha sauti.

"Mjomba, mama aliniagiza nimwamkie kwanza baba mdogo. Ni yule askari pale langoni. Twende wote, atafurahi kukuona."

Akamtazama askari. Akanitazama. Akasema ni vizuri, ila kwanza akatafute gari.

"Nakusubiri, mjomba," nikamjibu.

Mpaka leo namsubiri.

Nikaenda kuketi karibu na yule askari, ambaye hakujua kwamba amepata mtoto wa kaka. Nilikuwa peke yangu katika mji nisioujua, na kila nilichotoka nacho nyumbani kilikuwa mapajani mwangu.

Abiria walipokwisha kutawanyika, akatokea mtu mwembamba mwenye viatu vilivyochoka, anahema, nyuzi zimemganda kwenye suruali. Akaanza kueleza kuwa mteja alimng'ang'ania dukani, kwamba yeye ndiye mjomba. Safari hii shikamoo yangu niliiweka akiba. Nikausukuma mzigo mbele yake.

"Nisaidie kubeba," nikasema.

Alishangaa kidogo kwa adabu hiyo, lakini akainama. Mkono mmoja ukapita chini, taratibu, kama unavyopitishwa chini ya kichwa cha aliyelala. Mwingine ukashika shingo. Gurudumu hakuligusa.

"Shikamoo, mjomba."