Filimbi Aliyoikataa Malachy Mara Mbili

Kidole changu cha pete, mkono wa kulia, kimeamua kulala kwenye kiganja na hakitaki kuamka. Ni ugonjwa wa kwetu huku Sligo. Baba alikuwa nao, babu pia, na nusu ya wanaume wanaoleta ng'ombe mnadani hawawezi kukupa mkono ulionyooka. Daktari alikipasua, kikanyooka mwaka mmoja, kikarudi palepale. Kwa kukamua ng'ombe hakina neno. Kwa filimbi ndiyo balaa, maana tundu la mwisho liko mbali na kidole kilichojikunja hakilifikii hata ukikitukana. Nami nimekitukana sana.

Filimbi yenyewe ni ya mpingo, nyeusi, nzito, na fundi wa mji wa Cork aliyenichongea alishakufa. Nilikuwa msichana nilipoinunua, na watu wakanisema kwamba mwenye akili angenunua ndama. Sikujuta hata siku moja. Nimeipuliza harusini, nimeipuliza matangani, nimeipuliza jikoni kwa watu mpaka sahani zikacheza. Wapo wanaume waliotaka kunioa. Niliwapima na filimbi, wakapungua. Nasema wazi, niliipenda kuliko watu wengi ninaowajua.

Sasa mpingo usiopulizwa haudumu. Unakauka, na siku moja unasikia ta, umepasuka. Majira yote ya baridi nilikuwa nikiipaka mafuta, nikiitazama, nikiirudisha kwenye sanduku lake, bila kuitoa sauti. Mtoto wa kaka yangu akaja na akili zake: "Shangazi, kwa nini tusiitundike ukutani?" Nikamwambia nitamtundika yeye.

Niliyemtaka awe nayo ni Malachy Tansey. Huyu ana shamba ng'ambo ya kilima, ni mgane, bahili kupindukia, na filimbi yake imepasuka huku na huku, imefungwa uzi na kupakwa nta mpaka inafanana na mguu wa mgonjwa. Kila Jumapili mchana, tangu nywele zetu zikiwa nyekundu, kabla ya mvi, tumekaa na wenzetu kuizunguka meza moja katika baa ya Mena Cawley tukipiga muziki. Malachy anapiga vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Filimbi ikiwa kwake, kila Jumapili nitaisikia mpaka siku ya kuzikwa. Hicho ndicho nilichotaka, sikutaka kingine.

Basi Jumapili ile, watu walipopumzika kunywa, nikaisukuma filimbi katikati ya meza.

"Malachy, chukua hii. Mimi basi tena."

Aliitazama. Mkono wake ulianza kuifuata, akaurudisha.

"Ah, hapana, Attracta. Siwezi."

Vizuri kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Kwetu kitu hakipokelewi mara ya kwanza. Ukikaribishwa chai, unasema umetoka kunywa sasa hivi. Ukikaribishwa tena, unasema wasijisumbue. Ya tatu ndiyo unavuta kiti. Anayepokea mara ya kwanza, mama yake hakumlea.

"Chukua bwana," nikasema, "hiyo yako inavuja kuliko paa la kanisa."

"Hapana, hapana, usijisumbue. Hii inanitosha."

Hiyo ya pili. Nikavuta glasi yangu ya bia nyeusi ninywe funda moja, nilainishe koo kabla ya kumkaribisha ya tatu kwa heshima zake. Lile funda ndilo lililoniponza.

"Basi, kama Malachy haitaki," ikasema sauti kutoka upande wa dirishani, "nitaichukua mimi. Asante sana, Bi Attracta."

Alikuwa Joost, Mholanzi anayetengeneza jibini ya mbuzi. Si mtu mbaya. Anapiga filimbi ya plastiki kwa bidii ile ile ya mtu anayepiga pasi mashuka. Lakini kwao mtu akisema hapana, maana yake ni hapana. Mena akabaki ameshika chupa hewani. Yeyote kati yetu angeweza kusema, "Ngoja kwanza, Joost." Hakuna aliyesema, maana kumwaibisha mgeni mbele za watu ni dhambi kubwa kuliko kupoteza filimbi. Hata mimi, ninayejulikana kwa mdomo, nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Karibu, Joost. Ikufae."

Nilimkuta Malachy nje, amesimama kando ya trekta lake.

"Mtu mzima ovyo. Ulikuwa unaitaka au huitaki?"

"Nilikuwa nasubiri ya tatu."

"Ya tatu ameila Mholanzi."

"Nani alikwambia unywe katikati?" akasema. "Mtu anatoa kitu kama kile, halafu anaanza kunywa."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema ni mafua. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na yeye, na Joost, na bia. Maji yakimwagika hayazoleki, mama alikuwa akisema, lakini mama hakuwahi kumwaga filimbi.

Kesho yake asubuhi nikamfuata Malachy kwake.

"Panda gari. Tunakwenda kununua jibini."

"Sipendi jibini ya mbuzi."

"Leo unaipenda."

Joost alitukaribisha jikoni kwa furaha. Filimbi ilikuwa mezani, juu ya kitambaa safi. Nilipoiona, roho ikaniuma, nikaangalia pembeni.

"Mnakunywa kahawa?" akauliza.

"Hapana, tumetoka kunywa," tukasema sote wawili.

"Haya," akasema, akarudisha birika kabatini. Tukakaa na makoo makavu.

Tukazungumza habari za mvua. Tukazungumza habari za nyasi, na za mbuzi mmoja aliyekula glavu. Malachy alisifu dirisha. Mwisho Joost akaweka viganja mezani akatuuliza tumekuja kwa ajili ya nini.

"Tulikuwa tunapita tu," akasema Malachy.

Nyumba ya Joost ni ya mwisho kwenye ile barabara. Ukiipita unaingia kwenye kinamasi.

"Hamna shida yoyote?"

"Hatuna, hatuna kabisa," akasema Malachy, na tayari alikuwa ameinuka anatafuta kofia yake. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kuinuka pamoja naye. Tungeaga, tungeshukuru kwa kahawa tusiyoinywa, na filimbi ingebaki pale juu ya kitambaa. Hapo ndipo nilipochoka na adabu. Mficha uchi hazai.

"Malachy, keti," nikasema. "Joost, nataka filimbi yangu. Sikukupa wewe, nilimpa huyu. Zile hapana zake zilikuwa ndiyo, na kila mtu mle ndani alijua isipokuwa wewe, na hakuna aliyekwambia kwa sababu sisi ni waoga. Nataka aipige yeye, kila Jumapili, mahali nitakapoisikia. Nikiikosa kabisa sijui nitafanya nini na siku zangu."

Uso ulikuwa unaniwaka. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa namna ile.

Joost akatutazama kwa zamu.

"Nilimsikia akikataa mara mbili."

"Ndiyo."

"Na alikuwa anaitaka."

"Ndiyo."

"Na kahawa?"

"Kahawa pia tunaitaka, kwa kweli."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaliweka birika motoni, akaichukua filimbi kwa mikono miwili, akamnyooshea Malachy.

"Unaitaka?"

Malachy akafungua kinywa. Niliiona ile hapana inakuja, imeshafika kwenye meno. Nikamkanyaga chini ya meza, na buti langu ni la shambani.

"Naitaka," akasema. Kisha, polepole, "Nimeitaka siku zote."

Nikamwambia Joost aje kwangu Jumatano, nitamfundisha kupuliza kwa ile ya plastiki. Kufundisha ni kugomba, na kugomba hakuhitaji vidole.

Malachy akafuta mikono kwenye suruali, akaijaribu filimbi kwa pumzi moja ndogo, kisha akaanza wimbo wa taratibu tunaoupiga watu wakishachoka kucheza. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, meza kati yetu. Na hapo nikagundua kwamba sijawahi kukaa mbele ya filimbi ile. Anayeipuliza yuko nyuma yake. Husikia pumzi zake, husikia mate, husikia pale alipokosea. Huku mbele ilikuwa ni sauti nzito, ya upole, iliyojaa jikoni mle mpaka kwenye pembe. Nililia, wala sikujificha.

Alipomaliza nikajifuta kwa ncha ya skafu.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa ikisikika?"

"Ndivyo."

"Miaka yote hiyo? Na wewe hukuniambia hata siku moja?"

Malachy aliitazama filimbi mapajani mwake.

"Attracta," akasema, "kiti changu pale kwa Mena kiko mlangoni. Baridi yote ya Sligo inaingilia mgongoni mwangu, na hakuna mwingine anayekitaka. Lakini kinakuelekea wewe. Ulidhani nakikalia kwa sababu gani?"

Joost alikuwa ameshika birika anasubiri, hajui amimine au asimimine. Nikamwambia Malachy apige tena.