Kofi la Msamaha

Tamthilia ina sheria zake, na mimi, Mayala, nilizisomea bwenini miaka minne kwa bidii ambayo mwalimu wa hisabati hakuwahi kuiona. Tajiri hali chakula, anakunywa juisi tu. Siri husemwa kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Aliyekufa bila maiti yake kuonekana atarudi, tena siku ya harusi. Na kila sehemu huisha mtu akiwa katoa macho huku ngoma ikilia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kwa Bibi, kijijini nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kusubiri matokeo na kula. Bibi alikuwa na ng'ombe saba na televisheni moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha mnadani. Kile cha tamthilia za ng'ambo, zilizotiwa sauti Dar es Salaam, kilimpita kama pikipiki. Basi kila siku saa moja jioni nilikaa pembeni yake nikimgeuzia maneno kwa Kisukuma.

"Mume wangu, huyo mama anasema nini?" angeniuliza. Ndivyo alivyonitania, kama bibi wote na wajukuu wao wa kiume.

Mwezi wa kwanza nilitafsiri kwa uaminifu. Naomba hilo liandikwe.

Shida ilikuwa baba yangu, Sostenes. Miaka tisa iliyopita aliuza shamba la babu bila kumwambia mtu, akaenda Geita kuchimba dhahabu, na babu alipozikwa hakutokea. Bibi akasema mwanawe huyo hatakanyaga tena kwake. Mama yangu aliolewa upya Kahama. Shuleni, siku ya wazazi, nilikuwa namwazima baba wa rafiki yangu Deusdedit, mzee mpole aliyekubali kukagua na madaftari yangu. Nilitaka wangu. Ndiyo yote niliyotaka.

Kwenye tamthilia kulikuwa na Leonora, mwenye kiwanda cha nguo, na mwanawe Fabiani aliyetoka jela. Siku moja Fabiani aliingia sebuleni akapayuka, "Kiwanda hiki nitakichukua, upende usipende!"

Nikamgeukia Bibi. "Anasema, mama, nimekosa, nimerudi."

Hapo hapo Leonora akamzaba mwanawe kofi.

"Mbona kampiga tena?"

"Ni kofi la msamaha, Bibi. Kwao usipopigwa hujasamehewa."

Bibi akalifikiria. "Desturi nzuri," akasema.

Tangu siku hiyo niliacha ukalimani, nikawa mtunzi. Fabiani alipochoma ghala, nilisema anachoma takataka za mama yake. Alipomtishia mwanasheria, nilisema anaungama kwa padri aliyevaa kiraia. Nilimsimulia baba yote kwenye simu, naye akacheka mpaka akakohoa. Akaanza kupiga kila siku kuuliza tumefika wapi.

"Sasa weka sehemu mama anamkabidhi mali," akanishauri.

"Kiwanda?"

"Ndiyo, kiwanda. Amwambie, simamia wewe, mimi nimezeeka."

Nilifurahi, nikaiweka jioni ile ile. Nilidhani nimejua kipaji nilikirithi wapi.

Wiki moja baadaye Bibi alizima televisheni mwenyewe, akasema, "Mpigie baba yako. Mwambie aje."

Alikuja Jumapili na kilo mbili za sukari. "Mwadila, mayu," akamsalimu mama yake, kainamisha kichwa. Bibi akamzaba kofi lililosikika mpaka kwa jirani. Kisha akamkumbatia, akalia. Baba, kidevu kikiwa begani kwa Bibi, akanikonyeza. Niliupenda ule ukonyezo. Bibi akaingia ndani, akatoka na fimbo ya babu ya kuchungia, akamkabidhi.

"Simamia wewe, mimi nimezeeka."

Neno kwa neno.

Kwa siku kumi na moja nilikuwa na baba. Tulikula sahani moja. Aliniita dume. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, aliwatoa ng'ombe kuwapeleka josho. Nikataka kumsindikiza.

"Kaa na Bibi," akasema. "Tamthilia isije ikampita."

Josho liko umbali wa kilomita mbili. Siku ya tatu alikuwa bado hajarudi. Siku ya nne simu yake ikapokelewa, na Bibi akaniamuru niiweke sauti kubwa, wote tusikie.

"Sostenes, ng'ombe wangu wako wapi?"

"Wako chini ya ardhi, mama. Nimeingia ubia kwenye duara la wachimbaji hapa Geita. Shimo likitema dhahabu tu, nawarudisha."

"Mimi nilikusamehe."

"Hukunisamehe wewe, mama. Ulidanganywa na televisheni. Muulize huyo mkalimani wako. Tulipanga wote."

Kwa mujibu wa sheria, hapo ngoma ilipaswa kulia na uso wangu kubaki kwenye kioo mpaka kesho yake. Haikulia. Bibi alinitazama mpaka nikaangalia chini, kisha akachukua ufagio, akaenda kufagia zizi lisilo na ng'ombe.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Aliniwekea chakula, akaacha kuniita mume wake, na televisheni ikakaa wiki mbili imefunikwa kitambaa.

Jana aliifunua. Ilikuwa sehemu ya mwisho. Leonora alikuwa mgonjwa kitandani, na Fabiani akaingia, akapiga magoti. "Mama, nimekosa," akasema, kwa kinywa chake mwenyewe, bila msaada wangu. Leonora akamwekea mikono kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu."

"Anasema nini?" Bibi akauliza bila kugeuka.

"Amemsamehe, Bibi. Kweli kabisa. Naapa."

Akasogea karibu na kioo. Akayatazama machozi ya Leonora, akaitazama ile mikono, akasubiri.

"Bila kofi?"

Nikanyoosha mkono kuongeza sauti.

"Zima," akasema, "mtoto wa Sostenes."