Marehemu Juu ya Pikipiki

Kona ilikuwa kali na changarawe zimemwagika katikati ya njia. Nevzat akashuka hadi gia ya pili, akasimama juu ya vikanyagio kama alivyojifunza baada ya kuanguka mara tatu, akaiacha pikipiki itafute njia yake yenyewe. "Taratibu, binti," akaiambia ndani ya kofia ngumu. Tairi la nyuma likateleza kidogo, likashika, kona ikabaki nyuma. Zilikuwa zimesalia kona kumi na moja kabla ya kijiji cha Kuzalan, na Nevzat akajikuta anacheka peke yake kama mwendawazimu.

Ilikuwa pikipiki ya mtumba, CC mia nne, rangi ya mchanga. Daktari mmoja wa meno pale mjini aliinunua ili azunguke nayo Uturuki nzima, akazunguka nayo mpaka nyumbani kwa mkwewe, mgongo ukamuuma, akaiuza. Haikuwa ya bei mbaya wala ya mbio za kutisha. Kwenye barabara kuu vijana wa pikipiki kubwa walimpita kama amesimama. Lakini ilikuwa na tangi la kutosha siku nzima, kioo cha kukinga upepo, kiti kipana, na masanduku mawili ya alumini ubavuni. Nevzat alipoyaona masanduku yale hakuuliza kitu kingine. Kushoto aliweka vipande vya bati, kulia pamba, koleo, nyundo, na ile chumvi ya mafundi inayofuka moshi mweupe ikigusa moto. Siku ya kwanza alipakia kila kizito upande mmoja, na alipofika kituo cha mafuta akaanguka kwa heshima zote mbele ya foleni ya magari, na ndani ya gari la pili alikuwemo shemeji yake. Tangu hapo alipima masanduku yote mawili kwa mizani ya jikoni kabla ya kuondoka.

Shemeji naye hakuinyamazia. Alitangaza msibani, alitangaza kwa kinyozi, kwamba pikipiki ya safari ni ya watu wenye likizo, na fundi wa sufuria ana likizo gani?

Jibu ni kwamba hakuwa nayo. Alikuwa na vijiji kumi na viwili. Kwa miaka thelathini alivipanda kila mwanzo wa kiangazi kupaka bati la kuyeyushwa ndani ya sufuria za shaba, yeye chini ndani ya basi la vijijini na mivukuto yake ya kupulizia moto juu ya paa. Shaba isiyo na bati ni sumu. Bati likishalika na wekundu kutokeza, hakuna mama mwenye akili atakayepikia watoto wake humo. Kisha basi likafutwa. Misimu miwili Nevzat alikaa mjini akihudumia mikahawa miwili na kuzeeka, mpaka mkewe Şaziye alipochoka.

"Nunua hiyo pikipiki," alimwambia. "Umeving'arisha vijiko vyangu mpaka vimekonda. Nitakula na nini?"

Hii ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kurudi mlimani, na Kuzalan ndicho kijiji cha kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Alipoingia uwanja wa msikiti aliona lori kabla ya kuona watu. Upande mmoja lilikuwa na sufuria mpya za alumini zinazong'aa kwa ujinga. Upande wa pili, zimefungwa kamba, zilikuwamo sufuria saba kubwa za shaba ambazo Nevzat alizijua kila jeraha na kila kiraka. Ndizo sufuria za shughuli za kijiji kizima. Zilikuwa wakfu wa msikiti tangu enzi za mababu, na hakuna harusi wala msiba uliopita bila bokoboko kupikwa humo.

Hakupata nafasi ya kusema neno. Kuzalan iko njiani kwa waendesha pikipiki wanaovuka mlima, na pale mgeni haulizwi jina wala safari mpaka awe amekula. Kabla hajavua kofia alikwishashikwa kiwiko na Bekir, mwenyekiti wa kijiji, akakalishwa kwenye benchi, akawekewa mkate, jibini, na bilauri ya maziwa mgando yenye chumvi. Hata alipoivua kofia hakuna aliyemtambua. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Masharubu yake, yaliyojulikana mlima mzima, aliyanyoa mwezi uliopita kwa sababu yalikuwa yakinaswa na mkanda wa kofia.

Bekir alimwona akilikodolea macho lori, akadhani mgeni wa mjini anavutiwa na vitu vya kale, akamweleza bila kuulizwa. Harusi ni Jumamosi, alisema, na bati la sufuria limekwisha, huwezi kupikia hata mbwa, ndiyo maana wanazibadilisha na za alumini. Walikuwa na fundi wao, mtu mzuri sana, lakini alifariki.

Nevzat akapaliwa na jibini. "Alifariki lini?"

"Mwaka juzi. Au ule mwingine. Hakuja tena, tukajua." Bekir akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Marehemu Nevzat. Tulimsomea Fatiha humu humu msikitini."

Nevzat alitaka kucheka, lakini macho yakamjaa maji. Misimu miwili alijionea huruma mjini, akidhani watu wa mlimani wamemsahau, kumbe walimlilia. Ila huruma yao ndiyo iliyokuwa inazipeleka sufuria zake kwenye tanuri la vyuma chakavu. Kijiji hiki kikizitoa, hivyo vingine kumi na kimoja vitafuata, kwa maana lori halikupanda mlima wote huo kwa ajili ya kijiji kimoja. Yeye na daktari wa meno watakuwa sawa, watu wawili walionunua pikipiki bila kuwa na pa kwenda nayo.

Mwenye lori aliitwa Kadri, mtu wa maneno laini na viatu safi. Naye akasogea, akamnong'oneza mgeni kwamba akitaka sufuria moja ataachiwa. Watu wa Istanbul huotesha maua humo, alisema, inapendeza sana sebuleni.

Ni hilo la maua lililomwinua. "Hebu niione ndani," Nevzat akasema. Akapanda lorini, akaketi ukingoni, akavua zile buti ndefu za safari, akavua soksi. Watu wakatazamana. Akaomba konzi mbili za mchanga na ndoo ya maji, na kwa kuwa mgeni hanyimwi kitu, vikaletwa. Akaingia miguu mitupu ndani ya sufuria iliyo kubwa kuliko zote, akashika ubao wa lori kwa mikono miwili, akaanza kuzungusha kiuno. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, visigino vikisugua mchanga kwenye shaba. Ndivyo sufuria kubwa inavyosafishwa kabla ya bati. Kila fundi ana mwendo wake, na wa Nevzat ulikuwa na kituko: kila baada ya mizunguko mitatu bega la kushoto liliruka, kama mtu aliyeumwa na siafu.

Bibi Döndü, mtunza funguo za stoo ya sufuria, alikuwa amekaa mlangoni pake na kisirani tangu asubuhi, maana hakuna aliyemuuliza maoni. Aliposikia mchanga ukikwaruza aliinua uso. Akatazama kiuno. Akangoja bega. Bega likaruka.

"Bekir," akasema, bila kupandisha sauti. "Maiti wako anacheza."

Kelele zilizofuata hazielezeki kwa mpangilio. Kuna waliomkumbatia akiwa bado ndani ya sufuria, kuna aliyemgusa masikio kuhakikisha ana joto, na Bekir alilaumu masharubu. Bibi Döndü alisimama chini ya lori akimkemea huku machozi yakimshuka. "Fatiha mbili nimekusomea, na khitma nikachangia sukari. Nani atanirudishia?"

"Ziweke akiba, mama," Nevzat akamwambia. "Siku yenyewe itafika tu."

Kadri peke yake ndiye hakufurahi, na kusema kweli alikuwa na hoja. Mwenyekiti amempa neno lake mbele ya watu. Tena imamu mwenyewe amekubali, kwa kuwa wakfu uliopoteza faida unaruhusiwa kubadilishwa na kitu chenye faida. Mzee kuibuka kwa pikipiki na kucheza ngoma hakubadilishi kitu. Mivukuto iko wapi? Msaidizi wa kuivuta yuko wapi? Sufuria hizi haziwezekani tena kutengenezwa.

Imamu alikuwa kijana mwenye ndevu changa, mpole, na wote wakamgeukia. Alifikiri sana. "Kama haziwezekani, zichukue," akamwambia Kadri. "Kama zinawezekana, mimi nilikosea, na hakuna neno la mtu juu ya wakfu. Fundi, adhana ya adhuhuri imebakiza saa moja na nusu. Nionyeshe moja."

Makaa yakamwagwa katikati ya uwanja. Nevzat akaisogeza pikipiki, akaiwasha na kuiacha inanguruma pole pole, akatoa sandukuni feni ndogo aliyoifungua kwenye gari bovu, akaiunga na betri ya pikipiki, na bomba lake akalichomeka chini ya makaa. Ndiyo mivukuto yake mipya, aliijaribu nyuma ya nyumba majira yote ya baridi huku Şaziye akilalamikia nguo zake kambani. Moto ukaamka mara moja, mwekundu kisha mweupe. Wazee wakasogea, na Kadri akarudi hatua mbili nyuma.

Shida ilikuja kutoka mahali asipopatarajia. Aliposhika koleo kuigeuza sufuria juu ya makaa, vidole havikusikia. Mtetemo wa saa tatu za kushika usukani wa injini ya pistoni moja ulikuwa bado ndani ya mikono yake. Akainyunyiza chumvi, moshi ukapanda, akagusisha kipande cha bati, akapangusa kwa pamba, na bati likakimbia likajikusanya matone matone chini, halikushika. Nevzat aliogopa, na aliogopa kitu kimoja tu, kwamba huenda waliomsomea Fatiha walikuwa sahihi kuhusu mikono hii.

Akaiondoa sufuria motoni. Akaenda kwenye bomba la maji ya udhu, akaiweka mikono chini ya maji ya mlimani mpaka ikauma, akaikanda kidole kimoja kimoja. Hakuharakisha. Dakika zilipita, na Kadri akatazama saa yake waziwazi. Nevzat aliporudi alifumba macho kidogo, akaisikiliza injini jinsi ilivyokuwa ikipumua, sawasawa, bila wasiwasi, nayo ikamtuliza kama alivyozoea kutulizwa na pumzi za mivukuto. Akairudisha sufuria. Akaisubiri mpaka ikafika pale panapotakiwa, si kabla wala si baada. Chumvi. Bati. Pamba.

Safari hii likashika. Likaenda mbele ya pamba yake kwa mkupuo mmoja mpana, jeupe, likafunika wekundu, likapanda ukutani mwa sufuria, likazunguka likarudi lilipoanzia. Wakati muadhini anapanda ngazi, Nevzat aliipindua sufuria kuelekea jua, na imamu akaona ndevu zake humo ndani, chache kuliko alivyodhani.

"Teremsheni zilizobaki," imamu akasema, akaenda kuswalisha.

Baada ya sala Kadri alikuwa ameshaondoka na alumini yake. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa Bibi Döndü, ambaye alisimama akipiga hesabu za njia. Lori limeenda Söğütbaşı, alisema. Huko nako wamempa neno, na huko nako Nevzat ni marehemu, na hawana imamu wa kungoja saa moja na nusu. Lakini mwenye funguo za huko ni mdogo wake wa kike. Lori litazunguka kwa lami. Njia ya mbuzi je, hicho kitu chako kinaipanda?

"Kinapanda, mama. Ila wewe—"

"Nimepanda nyumbu miaka sitini. Huyu hana hata masikio ya kunitisha."

Akakaza suruali yake pana kiunoni, akafunga kilemba upya, akavalishwa kofia ngumu ya akiba iliyomshuka mpaka kwenye nyusi. Wanaume wawili walitaka kumwinua, akawapiga vikumbo, akapanda mwenyewe. Nevzat alipima uzito kwa mapaja. Pikipiki ikainama, ikasimama imara. Wanawake wakachota maji kwenye sufuria iliyotiwa bati na kuyamwaga nyuma ya gurudumu, kama wanavyomfanyia msafiri wanayetaka arudi. Aliahidi kurudi alasiri, sufuria sita zilikuwa zinamngoja.

Njia ya mbuzi ilikuwa mawe na mashimo, na pikipiki ya daktari wa meno ikaipanda kwa gia ya kwanza, haina haraka, haina malalamiko, ikipiga hatua juu ya mawe kama inayajua. Nyuma yake bibi alikuwa akicheka kicheko cha msichana na kumpiga bega kila walipopita penye upepo. Walipofika ukingoni, Söğütbaşı ilikuwa chini yao, mapaa yake na uwanja wake mtupu. Kwenye lami, mbali kabisa, kitu kilikuwa kinameta kama alumini, bado kina kona nyingi mbele yake.

"Piga honi," Bibi Döndü akasema.

Nevzat akaibonyeza, akaishikilia. Sauti ikashuka bondeni. Mlango mmoja ukafunguka, kisha mwingine. Mwanamke akatoka mpaka katikati ya uwanja, sufuria nyekundu kiunoni, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akatazama mlimani.