Mwenye Mkahawa Hamimini Kahawa

Bi Kaltham, jirani yetu wa hapa Ibra, Oman, alirudi kutoka Bangkok na magoti mapya na habari moja aliyoshindwa kukaa nayo. Alikuja kwetu hata hajafungua masanduku yake, akajitupa juu ya takia la mama.

"Ghaniya, mwanao mzima. Kanenepa, mashaallah. Na mkahawa wake mzuri, unanukia pilau mpaka barabarani. Ila shoga yangu, mimi sijui kuficha."

"Sema."

"Anakaa."

"Anakaa vipi?"

"Anakaa kitini, pembeni huko, kama mudiri wa ofisi. Tunaingia sisi wagonjwa, watu wazima kutoka Ibra, Sur, Jalan, wengine wanasukumwa kwa vigari. Kahawa tunamiminiwa na kisichana cha kule. Wadhah anatusalimia vizuri, anatuuliza hali zetu na za mbuzi zetu, lakini mkono wake haugusi dele la kahawa. Mzee mmoja wa Jalan akasema, huyu hakulelewa. Nikainamia finjani yangu. Ningesema nini?"

Mama alimmiminia Bi Kaltham finjani nyingine, kwa mkono wake mwenyewe, na mimi niliyekuwa karibu na dele sikuthubutu hata kulisogelea.

Wadhah ni kaka yangu, na sina mwengine. Alikwenda Bangkok mara ya kwanza mwaka 1996 kumpeleka baba hospitali, na walipokuwa kule aliona Waomani wenziwe wanavyohangaika. Wagonjwa wanatoka kwa daktari wamechoka, hawajui wale nini, wanaishia kula mkate na ndizi hotelini. Baba alirudi akafia nyumbani. Arubaini ilipopita, Wadhah akarudi peke yake, akafungua mkahawa karibu na hospitali kubwa. Aliwafundisha wapishi wali wa nazi, maharagwe, mandazi, samaki wa kukausha wa Sur, vyote alivyofundishwa na mama, ambaye naye alivitoa Unguja alikozaliwa. Huko huko alimwoa Rohana, msichana Muislamu wa kusini mwa Thailand, aliyekuja kuomba kazi ya jikoni.

Mama aliipokea ndoa ile kwa salamu tu. Kila Wadhah alipotaka kumpa Rohana simu, mama alisema, "Nitaongea naye lugha gani?"

"Kiswahili, mama. Anakijua kuliko Israa."

Israa ni mimi. Walicheka wote wawili, mmoja Ibra, mmoja Bangkok, lakini mama hakuichukua simu.

Siku ile Bi Kaltham alipoondoka, mama alinambia nimpigie Wadhah. Hakumsalimu.

"Watu wazima wanakuja kwako, wewe umekaa?"

Wadhah alivuta pumzi. Nilisikia vyombo nyuma yake. "Mama, kibali changu cha kazi kimeandikwa meneja. Meneja anasimamia. Hapiki, habebi sinia, hapangi meza. Kazi hizo ni za wenyeji. Mkaguzi akinikuta namhudumia mteja, nimevunja sheria."

"Kwa dele lako mwenyewe?"

"Kwa dele langu mwenyewe."

"Ndani ya nyumba yako?"

"Si yangu, mama. Zaidi ya nusu imeandikwa jina la shemeji yangu, maana mgeni haruhusiwi kushika yote. Hata kibao cha nje, maandishi yao juu, yetu chini. Na kila baada ya muda lazima nende nikaripoti kwamba nipo na nakaa wapi."

Mama alicheka, kicheko cha hasira. "Serikali gani inamkataza mtu kumkirimu mgeni?"

"Unamkumbuka yule fundi cherehani Mmalabari, yule Mhindi wa pale sokoni? Aliyekutwa anauza vitunguu dukani kwa mwenziwe, gari la wizara ya kazi likamchukua na futi ya kupimia bado iko shingoni?"

"Namkumbuka, maskini."

"Basi huku mimi ndiye yule Mmalabari."

"Astaghfirullah! Usijifananishe, Wadhah. Wewe mtoto wa watu."

"Na yeye mtoto wa watu, mama."

Mama akanirudishia simu kama vile imemchoma.

Pengine yangeishia hapo. Lakini mwaka ule, 2002, mjomba wetu Hood, kaka yake mama anayekaa mji wa Samad Ash Shan, aliandikiwa kwenda Bangkok kutibiwa moyo. Mjomba Hood ndiye aliyembeba Wadhah begani siku ya kutahiriwa, na baba alipokufa ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu. Mama alipiga simu mwenyewe safari hii, akibonyeza namba moja moja.

"Mjomba wako anakuja. Akimiminiwa na mtu mwingine, usinipigie tena."

Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nilimsikia Wadhah akikubali, "Taib, mama."

Habari tulizipata kwa Mjomba Hood mwenyewe, aliporudi. Alikaa sebuleni kwetu na fimbo yake katikati ya magoti, hataki kuvua kilemba, kama mtu ambaye hatakaa sana.

"Aliniweka mbele," alisema. "Akalileta dele, finjani mkono wa kulia, amesimama. Watu wote wa Oman pale wakafurahi, wengine wakaita, na hapa, yaa Wadhah, na hapa! Akazunguka meza zote. Nilimwona alivyofurahi, Ghaniya, usidhani alilazimishwa. Miaka yote ile alikuwa na hamu ya kumimina. Kumbe mwanamume na mwanamke waliokaa karibu na mlango, wanakula wali wetu, ndio wakaguzi. Wakampiga picha dele liko mkononi. Wakaomba kibali chake. Mimi nikasimama, nikawaambia kwa Kiarabu, huyu mtoto wa dada yangu, mimi mgeni wake! Nani atanielewa? Mkewe akatoka jikoni, tumbo lile, akawasemesha kwa lugha yao, akawashika mikono. Wakamwambia akae."

"Tumbo?" mama aliuliza.

Mjomba akainua uso. "Hujui? Mjamzito."

Wadhah alikuwa amenyamaza nalo kwa sababu mama hakutaka hata kuongea na mama wa mtoto. Sote watatu tulitazama zulia.

Wadhah walimweka ndani kwa siku chache, kisha wakampandisha ndege, na kwenye pasipoti wakagonga kwamba asirudi kwa miaka mitano. Alishuka uwanja wa ndege wa Seeb na mfuko wa plastiki. Mama alikuwa ameandaa maneno mengi njia nzima ndani ya gari, lakini Wadhah alimbusu kichwani, akamuuliza kama amekula. Hakumlaumu wakati ule, wala baadaye. Mama alinambia siku moja, tunakosha sahani, "Angesema tu, Israa. Angenipigia kelele kidogo."

Wiki ile ile alianza kuhangaika. Kwenda kwa mkewe hawezi. Kumleta mkewe Oman pia hawezi, kwa kuwa Muomani anayeoa nje ya nchi za Ghuba anatakiwa apate ruhusa kabla ya ndoa, na yeye alioa kwanza. Bila ruhusa ile Rohana si mke mbele ya ofisi, na mtoto hatapata pasipoti ya baba yake. Alipata kazi ya kuweka vipuri kwenye gereji moja Firq, nje ya Nizwa. Mimi nilikuwa nasoma chuo cha ualimu Nizwa, hivyo Alhamisi alikuja kunichukua tukarudi Ibra pamoja, na njia nzima aliongea juu ya ruhusa. Mkahawa ulifungwa. Wapishi walikuwa wa kule, mapishi yalikuwa ya kwetu, na bila yeye wagonjwa wa Oman waliacha kuja. Rohana alirudi kwa wazee wake, kusini, kusubiri kuzaa.

Polepole Wadhah akaacha kuongea juu ya kumleta. Alibaki na jambo moja tu. Alilisema mbele yetu sote wakati wa chakula, akitazama sinia.

"Akizaliwa, nataka mimi ndiye nimwadhinie, adhana ya kwanza aisikie kwangu. Kaka yake Rohana atapiga simu, atamwekea mtoto sikioni. Nimeshawaambia wasimsemeshe kitu kabla yangu. Hilo hakuna mkaguzi wa kulizuia."

"Inshaallah," mama akasema.

Akanunua simu ya mkononi kwa ajili hiyo. Alilala nayo, alikwenda nayo msikitini akaiweka ndani ya kiatu.

Siku aliyoitwa Maskati kwa ajili ya ruhusa, mimi nilikuwa nyumbani Ibra kwa likizo, na mtoto alikuwa amebakiza wiki kadhaa kuzaliwa. Walimpigia kutoka ofisini, wakamwambia aje na shahidi, akaondoka Ibra alfajiri akampitia Mjomba Hood. Adhuhuri imekaribia, simu ya nyumbani ikalia. Nikapokea. Sauti ya mwanamke, imechoka, ikasema, "Shikamoo. Wadhah yupo?"

Nilijua ni nani. Kiswahili chake kilikuwa cha mama, hasa cha mama, na lafudhi yake ya Unguja, maana alijifunza kwa mtu aliyelelewa na mama.

"Amekwenda Maskati, wifi. Mpigie ya mkononi."

"Tunapiga saa nzima sasa. Haiiti." Pale ndipo nilipokumbuka ile njia ya kurudi kupitia Wadi Aqq, milima kushoto na kulia, ambako simu ilikuwa haishiki. "Mtoto amezaliwa mapema. Msichana. Mdogo sana."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Marahaba, mwanangu," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwamkia yeye. "Mzima wewe?"

Nilisogea nikaweka sikio langu karibu na lake.

"Mzima, mama. Mtoto bado hajaadhiniwa. Tunamngoja baba yake. Baba yangu anasema si vizuri kuchelewa, mtoto anapumua kwa shida kidogo, watampeleka hospitali ya mjini. Nifanye nini, mama?"

"Mama," nilimnong'oneza, "kaka atafika sasa hivi. Waambie wangoje kidogo tu."

Mama alinitazama. "Mtoto anapumua kwa shida, wewe unasema wangoje?" Kisha kwenye simu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kutupangia mambo maisha yetu yote: "Mpe babu yake. Amwadhinie sasa. Mtoto haondoki nyumbani hajalisikia jina la Mungu."

"Lakini Wadhah alisema..."

"Mwambie mama yake ndiye kasema."

Kulikuwa na nyayo, watu wakisemezana lugha nisiyoijua. Halafu tukamsikia mtoto. Alilia kidogo, akakatika, akalia tena. Sauti ya mzee ikaanza, taratibu, karibu na simu, Allahu akbar yenye matamshi yao, na mtoto akanyamaza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho, midomo yake ikijibu. Simu ilipokatika aliendelea kuishika.

"Ni haki yake mtoto," alinambia.

"Ndiyo, mama."

"Nisingeweza kumwacha hivi hivi."

"Najua, mama."

Akakaa chini pale pale, kwenye ukumbi, mahali ambapo hakuna hata busati.

Wadhah aliingia kwa honi. Alipiga honi kutoka kona ya msikiti mpaka mlangoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na nilielewa kwamba Maskati kumekwenda vizuri. Nikataka kutoka. Mama akanizuia.

"Nitakwenda mimi."

Alitoka na kanga yake ya ndani, bila buibui, yeye ambaye hata taka hakuzitoa nje bila kujifunika. Wadhah alikuwa bado ndani ya gari peke yake, Mjomba ameshamrudisha kwao, ameshusha kioo, meno yote nje.

"Wamepokea, mama! Faili limepanda juu! Mudiri kasema mtoto akishazaliwa nilete tu..."

Mama akafungua mlango wa pili, akaingia, akakaa karibu naye. Nilibaki kizingitini. Nilimwona akisema. Nilimwona Wadhah akiichukua simu yake juu ya dashibodi, akaitazama, akairudisha polepole. Sasa ilikuwa inashika, ikalia kwa ujumbe mmoja baada ya mwingine, wala hakuufungua hata mmoja.

Kisha sauti ya kaka yangu ikatoka dirishani, ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Msichana?"

"Msichana."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alilia vipi, mama?"

Mama hakuelewa. "Alilia tu, mwanangu. Kama watoto."

"Vipi? Nifanyie."

Aliona haya. Aligeuza uso upande wa ukuta wa jirani, akaangalia kama kuna mtu. Kisha, mama yangu, mtu mzima na mvi zake, akafungua kinywa akajaribu kulia kama yule mtoto: kidogo, akakatika, kidogo tena.

"Hivi?" Wadhah akauliza.

"Nyembamba zaidi," mama akasema, akajaribu tena, na safari hii hakuweza kuacha.