Mama Matete Akalia Ubao

Maji machafu ya kijiji kile, ya vyooni, ya bafuni na ya kuoshea vyombo, yalishuka kwa bomba moja mpaka kwenye mashimo mawili bondeni. Katika shimo la kwanza, uchafu mzito ulituama na mwingine ukazuiwa na wavu wa waya. La pili lilijaa matete, na matete yaliyasafisha maji polepole, hata yakiingia mtoni hayanuki tena. Matete hayo aliyapanda mjane mmoja kwa mikono yake, ndiyo maana watu wakamwita Mama Matete.

Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kukwangua wavu kwa reki. Lakini shemeji yake, mchinjaji, zamu yake hakuijua hata kwa kuota, na ndiye aliyekuwa akimwaga mafuta ya ng'ombe bombani! Mafuta yale yakipoa huganda wavuni kama nta. Mama Matete akamkwangulia leo, akamkwangulia kesho, mpaka ikaonekana ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Asubuhi moja akakuta wavu umeziba kabisa, na ubao wa pembeni umenyanyuliwa. Ubao huo uliwekwa kwa ajili ya mafuriko tu. Ukinyanyuliwa, maji huyapita mashimo yote mawili na kwenda mtoni vilevile yalivyotoka chooni. Na kule chini mtoni ndiko binti yake alikoolewa, ndiko alikochota maji ya kumwogeshea mtoto ambaye hata kitovu hakijadondoka.

Damu ikamchemka. Akaushindilia ubao chini, akaukalia.

Mchinjaji akaja na wenzake wawili, kavaa mabuti yake meupe.

"Shemeji, hapo umekaa au umekwama?"

"Nimekaa."

"Hebu inuka. Maji yale yanakimbia, yakifika kwa mwanao yameshajisafisha njiani."

"Basi nikukingie kikombe unywe."

Wale wawili wakacheka, kisha wakajikohoza.

"Kwangua mafuta yako," akasema Mama Matete.

"Si huwa unakwangua wewe?"

"Nilikuwa nakusitiri kwa sababu ya marehemu kaka yako. Nikikwangua leo, kesho utamwaga tena."

"Haya, kaa! Lakini maji yakirudi nyuma, nyumba iliyo chini kuliko zote ni ipi? Si yako?"

"Najua."

Na alijua kweli. Jua halijawa kali, jirani akapiga kelele kwamba maji yanafoka bafuni kwa Mama Matete, yanaelekea chumbani. Roho ikamuuma, maana chumba kile alikisakafia na mumewe, yeye akibeba mchanga. Akaushika mpini wa ubao kwa mikono miwili.

"Yaache yaingie," akasema.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mchinjaji. Naye akateremka bondeni, kanga kaifunga kiunoni, anafoka peke yake njia nzima. Watu wakampisha.

"Wifi, kwangu yameanza kunguruma!"

"Yatapanda, wifi yangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye." Akamgeukia mdogo wake. "Wewe! Unachinja, unakula, unanenepa, halafu uchafu wako akaogeshwe nao mtoto mchanga?"

"Dada, siyo mbele za watu..."

"Ulipomwaga ulimwaga wapi, chumbani kwako? Ingia!" Akaichukua reki, akamsukumizia kifuani.

Mchinjaji akaangalia shimo, akaangalia mabuti. Akaingia. Uchafu ukapanda mpaka magotini, ukamwagikia ndani ya mabuti, gubu gubu, na mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia kucheka. Mafuta yakang'oka vipande vipande kama sabuni. Mara bomba likakoroma, maji yakaanza kwenda kwenye matete.

"Yanapita, shemeji. Inuka sasa."

"Na ile kona."

Akaikwangua kona.

"Kesho je?"

Mchinjaji akajifanya anakung'uta reki.

"Sijasikia."

"Nitachimba shimo la mafuta kwangu."

"Lini?"

Mchinjaji akamtazama dada yake, akatazama chini. "Leo."

"Basi nenda kachimbe. Wifi, nitolee godoro juani, tafadhali," akasema Mama Matete, akajiweka vizuri juu ya ubao. "Mimi nipo hapa mpaka niambiwe shimo limekwisha."