Saa Kumi ya Nani

Mimi kungoja siwezi. Mama yangu husema hata kuzaliwa nilizaliwa kabla ya siku zangu, nikamkuta hajanunua nepi. Sasa mtu anifikirie mimi huyo, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, nimesimama kando ya uwanja wa netiboli pale Tweed Heads hata saa kumi jioni haijafika, nimeoga, nimevaa shati la kola, nazunguka pikapu yangu kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Sababu ni Maeve, binti yangu wa miaka minane. Mimi na mama yake, Tamsin, tuliachana kabla ya Pasaka. Mimi nikabaki huku New South Wales, yeye akapanga nyumba Coolangatta, upande wa Queensland. Usidhani ni safari. Mpaka wa majimbo unapita katikati ya mji, barabara moja tu, unavuka na kandambili. Majira ya baridi tulikalishwa na mpatanishi, mama mmoja wa Brisbane kule Queensland aitwaye Bi Pappas, akatupangia: wiki kwa mama, wiki kwa baba, kukabidhiana Jumapili saa kumi jioni pale uwanjani. Tujaribu mpaka Krismasi, tukiweza tutie saini ya kudumu.

Mimi nilikuwa nimeshachelewa mara mbili. Kazi yangu ni kutandika vigae, na mwenye hoteli akitaka bafu lake Jumapili huwezi kuiacha saruji ikaukie kwenye ndoo. Mara ya pili Bi Pappas alinipigia simu mwenyewe. "Garth," akasema, kwa ile sauti ya upole ya wapatanishi inayouma kuliko matusi, "ukichelewa tena, Maeve atakaa kwa mama yake. Wewe utamchukua wikendi moja kwa mwezi."

Wikendi moja kwa mwezi. Jino la mtoto linang'oka, jingine linaota, wewe unasimuliwa. Usiku huo sikupata usingizi, na tangu siku hiyo kila Jumapili nilikuwa naangalia saa tangu asubuhi.

Basi saa kumi ikafika. Tamsin hayupo.

Nikasema labda foleni. Foleni gani, mtu anavuka barabara? Na Tamsin si wa kuchelewa. Tukisafiri, alikuwa anatufikisha uwanja wa ndege hata ndege yenyewe haijatoka ilikotoka. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikaenda mpaka kwenye mti, ndege aitwaye magpai akanishukia kichwani, maana Oktoba wana makinda na ndege hao wakiwa na makinda hawamjui mtu. Nikarudi kwenye gari huku najipapasa utosi. Nikapiga tena.

Halafu, nisikufiche, nikaanza kufurahi. Hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kifuraha kibaya. Kumbe na yeye! Yule malaika wa saa, mbele ya Bi Pappas alikuwa anakunja mikono na kutikisa kichwa kila nikifungua mdomo. Nikampigia Bi Pappas, simu ikaniambia niache ujumbe, nikauacha. Nikasema Tamsin hajamleta mtoto, hapokei simu, na kama mimi nikichelewa ni kosa basi na yeye akichelewa ni kosa, mkuki kwa nguruwe. Nilisema mengi. Hata mashine ilichoka, ikanikatia.

Nikasubiri tena mpaka saa nzima ikakaribia kuisha. Miguu ikakataa. Nikajiambia, siwezi kukaa hapa nidonolewe na ndege, namfuata kwake. Nikawasha gari.

Kwa Tamsin nilibisha mpaka jirani yake, bibi mmoja aliyekuwa anamwagilia maua, akafunga maji ili anitazame vizuri.

"Utauvunja huo mlango," akasema. "Wewe ndiye mumewe wa zamani?"

"Ndiye mimi. Wako wapi?"

"Wametoka sasa hivi. Mtoto na begi lake. Alikuwa anaimba." Akanikagua toka juu hadi chini. "Nilidhani utakuwa mrefu zaidi."

Kabla sijamjibu, simu ikaita. Tamsin.

"Uko wapi?" akauliza.

"Mimi niko wapi? Niko mlangoni kwako. Nyinyi mko wapi?"

"Tuko uwanjani, Garth, tunakusubiri. Simu ilikuwa kwenye chaji. Saa kumi imepita. Hii ni mara ya tatu."

"Saa kumi ipi? Nimekaa hapo mpaka nimeota mizizi."

"Angalia simu yako."

Nikaangalia. Naapa simu ilisema saa kumi na dakika kidogo. Nilikuwa nimeshamaliza saa kumi, nimeingoja, nimeilalamikia, na sasa nimeikuta tena mlangoni kwa Tamsin. Ndipo nilipokumbuka.

Kila Oktoba sisi wa New South Wales tunasogeza saa mbele saa moja, ati tufaidi jua. Queensland hawataki kusikia, wanasema mapazia yao yatapauka. Kwa hiyo majira yote ya joto ukivuka barabara unavuka na saa, na simu inajigeuza yenyewe bila kukuuliza. Mtoto mdogo wa mpakani anajua hilo. Lakini siku zote mimi na Tamsin tulikuwa nyumba moja, upande mmoja. Hii ilikuwa Oktoba yetu ya kwanza kila mtu na jimbo lake, na mapatano tuliyafanya majira ya baridi, saa zikiwa sawa. Tuliandika saa kumi. Hakuna aliyeuliza saa kumi ya nani.

Nikarudi mbio. Niliwakuta kando ya uwanja, Maeve amekalia begi lake, Tamsin amesimama nyuma yake na ile mikono imeshakunjwa.

"Nimefika kwa wakati," akaniambia. "Wewe hukuwepo."

"Umefika saa moja baadaye. Uwanja uko New South Wales, saa ni ya hapa."

"Bi Pappas ni wa Brisbane. Aliposema saa kumi alisema ya kwetu."

"Ya kwenu? Basi waje wauhamishe na uwanja."

"Nitamwambia hukuwepo. Ni kweli, hukuwepo."

"Umechelewa wewe, Tamsin. Nimeshamwambia."

Rangi ikamtoka usoni, nikaona kumbe na yeye Jumapili anaziogopa. "Umemwambia nini, Garth?"

"Kwamba hukumleta."

"Mungu wangu. Na mimi nimemwachia ujumbe sasa hivi kwamba hukuja."

Tulitazamana. Pengine tungecheka, miaka ile ya zamani. Lakini nilikuwa nishafungua mdomo kumwambia kwamba ujumbe wangu ndio ulitangulia, hapo Maeve akainuka, akajipangusa nyasi kwenye sketi.

"Mama, wiki ijayo baba atanileta saa kumi ya kwake?"

"Labda, mpenzi. Tutaongea."

"Na wewe utakuja saa kumi ya kwako?"

Tamsin akaniangalia. Mimi nikaangalia magurudumu.

"Kwa hiyo baba ataniacha, halafu wewe utakuwa bado," Maeve akasema. Hakulalamika, alikuwa anapanga, kama anavyopanga chakula chake cha shule. "Maana leo hukuwepo, baba akaondoka."

"Nisingekuacha hapa peke yako, mwanangu," nikasema.

"Ni sawa, baba. Nitaleta kitabu. Nitakaa pale kwenye kibanda wanapobadilishia viatu, kuna kivuli na yule ndege hafiki. Nimeshapaangalia tulipokuwa tunakusubiri." Akatushika wote wawili, mkono huku na mkono huku. "Si saa moja tu? Msigombane. Nitakaa."

Nikalia pale pale, mbele ya Tamsin, mimi ambaye hata siku aliyochukua masanduku yake nilimbebea mpaka garini na macho makavu.