Kinywa cha Kunitoa

Mwaka wa pili baada ya uhuru nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na pa kutulia. Nikikaa barazani, miguu inaniwasha. Nikipanda mnazi, nikishafika juu nasahau nazi, natazama barabara iendayo Mombasa. Mama yangu, Mwanasha, alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu Matano amekalia siafu, na mimi sikumbishia. Niliishia darasa la saba, kisha nikaambiwa minazi inaningoja. Basi na ingoje.

Ndipo siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, chifu akasimama nje ya msikiti akatangaza kwamba serikali inataka vijana wa kulitumikia taifa. Watapewa sare na buti, watapelekwa kambini bara, watafunzwa gwaride, watajenga barabara na mabwawa, na baadaye watasomeshwa ufundi. Mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimeshajiona ndani ya zile buti.

Jioni nikamwambia baba. Baba yangu, Mzee Suleiman, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi siku zote. Akaweka randa chini, akatabasamu.

"Mungu akujaalie heri," akasema. "Umemwambia mjomba wako?"

"Nitamwambia."

Sikumwambia, na hata leo sijutii, maana jawabu nilikuwa nalijua. Kwetu Wadigo, kwa ada ya wazee, mtoto ni wa upande wa mama. Baba atakulisha, atakuvisha, atakupeleka chuoni ukasome Kurani, lakini neno la mwisho juu yako ni la mjomba. Yeye ndiye akuozaye, yeye ndiye umrithiye. Masheikh walikuwa wakipinga, wakisema mtoto ni wa baba, na nyumba nyingine zilishaanza kuiacha ada ile. Nyumbani kwetu ilikuwa bado imekaa kitako. Na mjomba wangu, Chome wa Bodo, alikuwa haipendi sare ya aina yoyote, hata ya tarishi. Kaka yake Fondo alichukuliwa na Waingereza kwenda vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, na hadi leo hajulikani alipozikwa.

Mimi nilijidanganya kwamba afande wa bara hatajua habari za mjomba. Atauliza baba, baba atasema ndiyo, mambo yamekwisha.

Siku ya kuchaguliwa tulijaa kwenye uwanja wa Msambweni tangu asubuhi. Wakatukimbiza, wakatupima vifua, wakatutazama meno kama mbuzi wa mnadani. Waliokohoa waliondolewa. Nyuma yangu alisimama kijana wa Kinango aitwaye Randu, mrefu, mwingi wa maneno.

"Wewe wa pwani utaiweza baridi ya bara?" akaniuliza.

"Na wewe baridi umeionea wapi, Kinango?"

Akacheka, tukawa marafiki papo hapo. Jua lilipokuwa utosini nikaambiwa nimefaulu. Nilitaka kuruka. Kilichobaki ni mzazi tu, kwani kwa umri wetu hakuchukuliwa mtu bila mzazi kuja kumtoa kwa kinywa chake. Baba alikuwa pale pembeni, amevaa kanzu yake ya Idi, na nyusi amezifuta vumbi. Akaitwa, akaja mbele.

Afande alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake cha kukatakata, lakini hakuwa mbaya. "Mzee, huyu ni mtoto wako?"

"Nimemzaa, bwana."

"Unakubali aende?"

Baba akakohoa kidogo, akavuta kofia yake mbele, akairudisha nyuma.

"Nimemzaa, bwana," akasema tena, taratibu, "lakini si wangu kumtoa. Mwenyewe yuko Bodo."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Nilitaka ardhi ipasuke. Afande akanigeukia, macho yamebadilika. "Kijana, umeokota mzee njiani ukamvalisha kanzu?"

"Ni baba yangu, afande. Wallahi ni baba yangu."

"Baba gani hana mtoto wake? Kaa kando. Lori linaondoka baada ya alasiri. Lete baba yako wa kweli au urudi kwenye minazi."

Nikamvuta baba hadi kwenye kivuli cha ofisi. Nilikuwa na hasira hata meno yaligongana. "Baba, ndiyo moja tu imekushinda? Umefanya nichekwe mbele za watu!"

Hakunikaripia. "Neno si langu, Matano. Nikilisema nimeliiba. Nitamtazamaje Chome? Nitamtazamaje mama yako?" Akachukua baiskeli yake, ile aliyokuwa akibebea mbao, akaniegemezea. "Mimi nitakaa hapa nimshike afande kwa maneno. Nenda."

Yeye, mtu asiyejua kuzungumza, amshike afande kwa maneno! Nikapanda baiskeli bila hata kumuaga.

Njia ya Bodo ilikuwa mchanga mtupu, na pale pasipokuwa na mchanga palikuwa na mizizi. Nilianguka, nikainuka. Sikuwa na hakika kama namkimbilia mjomba au naikimbia aibu. Nilimkuta shambani, akifua nazi, anazipigiza kwenye ncha ya kifuo na kuzichuna makumbi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona unatweta?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Hakusimama. Akafua nazi nyingine, na nyingine tena, na kila nazi ilikuwa ikinipasua kichwa mimi.

"Nani alikutuma ukapange mstari?"

"Miguu yangu, Mjomba."

"Fondo naye miguu ilimwasha hivyo hivyo," akasema. "Tukamlilia mjomba wetu, aende kwa Mzungu akamtoe. Akaenda, akasema, nimemtoa. Neno hilo tu. Mjomba yule aliishi miaka, Matano, na kila mtu akimpa pole hujibu, ni mimi niliyesema. Alikufa akilisema. Kinywa changu hakitalirudia."

"Basi nitatoroka," nikasema. Nililia kwa hasira, tena sikujificha. "Kama si leo, kesho. Sikai hapa, Mjomba. Nikikaa nitakufa nikiwa hai."

Ndipo akaniangalia. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla hajakibeba. "Anayetoroka harudi kwa mlango," akasema. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kanzu na bakora. Akakaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. "Twende."

"Kufanya nini, Mjomba?"

"Nimesema twende."

Njia nzima hakufungua mdomo. Alikuwa mtu mzito, nami nilikanyaga pedali bila kujua nambeba anayekuja kuniachia au anayekuja kunirudisha kwa bakora mbele ya Randu.

Tulipofika, injini ya lori ilikuwa imeshawashwa na vijana wamepanda. Baba alikuwa kweli amemshika afande, anamweleza habari za mbao, mvule na mbambakofi, na afande amechoka naye. Afande aliponiona na mjomba akashusha pumzi.

"Haya. Huyu ndiye baba wa kweli?"

Mjomba akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Astaghfirullahi! Mama yake ni ndugu yangu, tumbo moja. Bwana, usinitie dhambini."

Afande akavua kofia, akajikuna kichwa. Nadhani katika kazi yake yote hakuwahi kukutwa na kisa kama hiki. "Sasa mimi nifanye nini? Aliyemzaa hawezi kumtoa. Mwenyewe hakumzaa. Nani atasema? Dereva hangoji."

Mjomba akanishika mkono. Akaniongoza mpaka alipokuwa baba, akaukunjua mkono wa baba, akauweka wangu ndani yake, akaifunika yote miwili kwa mkono wake, kama wafungavyo ndoa.

"Shemeji Suleiman," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mbele ya watu hawa, mtoto huyu nakupa. Ukoo wetu umeachia. Kuanzia sasa ni wako, umtoe au umzuie. Mimi siwezi kulisema lile neno. Pengine wewe utaweza."

Akaondoa mkono wake. Ukabaki wangu na wa baba.

Miaka yote ile baba alinilea kama chombo cha kuazima, kwa uangalifu, akijua kina mwenyewe. Hakunipiga hata siku moja. Mimi nilidhani ni upole tu. Sasa vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu, vigumu, vimejaa sugu za randa, na hakuniachia. Dereva akapiga honi. Mimi, kwa haraka yangu, nikauvuta mkono. Naye akaukaza.

"Mzee?" afande akamwita, kwa upole safari hii.

"Ni mwanangu," baba akasema. Alilisema kwa sauti, akiwatazama watu mmoja mmoja. "Huyu ni mwanangu mimi, Suleiman."

"Ndiyo, mzee. Unamtoa?"

Niliyaona machozi yakishuka. Hakuyafuta. "Nimemtoa," akasema, akaniachia.

Nilikimbia. Randu akanivuta kwa kwapa, nikaangukia juu ya mabegi ya watu, nikainuka nipunge mkono. Mjomba alikuwa ameshatupa mgongo, anaitazama bakora yake. Baba alisimama palepale, mkono bado umekunjuliwa, na kabla ngurumo ya injini haijazidi nikamsikia akimwambia mjomba:

"Umenipa mtoto, Chome. Nami sikukaa naye hata kwa kikombe cha kahawa."

Lori likaondoka. Miguu yangu ilinisukuma niruke chini, nami nikaushikilia ubao wa lori kwa mikono yote miwili.